Mnaombea nini huko, na kila kitu mnacho?

Akina mama wapendwa wa mtaa wetu, Bwana Yesu asifiwe.

Ujumbe wenu wa sauti, ule mliorekodi baada ya maombi ya Ijumaa, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu, maana ndani watoto walikuwa wamelala. Mama mmoja (simtaji, anajijua, kicheko chake nakifahamu tangu Kashai, huko kwetu Bukoba) anauliza: "Mama Mchungaji, hivi huko Ujerumani bado mnaomba? Mnaombea nini, na kila kitu mnacho?" Mkacheka wote. Nami nikacheka. Kisha nikabaki pale ngazini nahesabu.

Waitu, tunaombea barua. Kwetu barua ilikuwa habari ya harusi au ya msiba. Hapa Wuppertal sanduku la barua liko mlangoni na halikauki: kodi, bima, shule, maji, joto la nyumba, zote kwa Kijerumani kile cha maofisini ambacho hata Wajerumani wanakilalamikia. Ya kwanza kututisha ilidai yuro 18.36 za kila mwezi kwa ajili ya redio na televisheni. Baba Mchungaji akachukua kamusi, akaenda kwa jirani aandikiwe jibu zuri kwamba hatuna televisheni. Jirani akamwambia kwa upole kwamba huku kila nyumba inalipa, uwe nayo usiwe nayo. Tukalipa, na televisheni mpaka leo hatuna. Tangu hapo bahasha mpya naiweka juu ya Biblia, tunasali, ndipo tunafungua.

Tumeombea leseni. Hii nitaieleza vizuri kwa sababu nadhani mmesikia nusu yake.

Baba Mchungaji mnamjua usukani wake. Amepita barabara za Karagwe na gari la dayosisi wakati wa masika, matope yakigonga milango, akafika na wanakwaya wote wazima. Sasa leseni ya Tanzania huku inatumika miezi sita tu tangu uhamie. Baada ya hapo unarudi shule ya udereva, unakaa na vijana wa miaka 17, unafanya mtihani wa nadharia, halafu wa barabarani. Nadharia alifanya kwa Kiingereza akapita. Barabarani akaanguka mara ya kwanza kwa sababu hakugeuza shingo kutazama nyuma ya bega kabla ya kukata kona. Kutazama kioo hakutoshi, wanataka waione shingo yako ikigeuka. Mara ya pili alifika njia panda isiyo na alama yoyote. Huku sheria ni kwamba anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza. Akatokea mtu na baiskeli upande wa kulia, mume wangu akapita mbele yake. Mtihani ukaishia hapo hapo.

Siku hiyo alijifungia bafuni saa nzima. Mtu aliyetumwa na kanisa lake kama mmisionari akianguka, aibu hailali kwake peke yake. Aliniambia kupitia mlangoni kwamba ameaibisha Bukoba nzima. Na Jumapili inayofuata wazee wa kanisa wote walimuuliza, "Vipi mtihani?" maana wao walikuwa wameuombea. Mwanangu mdogo kwa wiki nne alisali mezani akisema, "Yesu, msaidie baba aangalie bega." Mara ya tatu akafaulu. Tulimshukuru Mungu, ingawa mwalimu wa udereva naye anadai shukrani zake, maana bei ya masomo hayo ningewatajia mngedhani tumenunua gari.

Mimi cheti changu cha uuguzi bado kinasubiri kutambuliwa. Mpaka nifaulu Kijerumani cha ngazi ya B2, nasaidia kwenye nyumba ya wazee: kulisha, kuogesha, kutandika. Nilikuwa nazalisha wanawake usiku kwa taa ya simu, leo binti wa miaka 22 ananionyesha namna ya kukunja shuka. Najifunza unyenyekevu. Siku nyingine najifunza vibaya, nakunja ile shuka kwa hasira.

Mnauliza pia kama Wazungu wanatupokea. Ndiyo, wengi. Jumapili ya kwanza mume wangu aliwakumbusha kwamba wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910 kutoka nchi hii, kwamba Askofu Josiah Kibira alisoma huku, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Tangu mwaka 1996 umoja wa misheni wenye makao hapa Wuppertal ni wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kwa pamoja, kwa hiyo kutumwa kwetu si maajabu. Wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa watu 31, kanisa la kukalisha mamia, wengi wao rika la mama mkwe wangu. Sadaka yao kubwa inakatwa pamoja na kodi. Mkoa huu ni asilimia 9 ya kile unacholipa kama kodi ya mapato. Nilipowaeleza mnada wetu wa baada ya ibada, kuku na mayai na mikungu ya ndizi, walitaka kuuona. Tukafanya siku ya mavuno. Boga moja lilifika yuro 40! Mzee aliyelinunua hakujua kulipika, akatuletea sisi.

Kelele ndizo hawazipendi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Wiki ya kwanza tuliimba pambio na makofi kama nyumbani, asubuhi tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Tumejifunza kuomba alfajiri kwa kunong'ona. Mwanzoni niliona kama namwibia Mungu.

Sasa lile ambalo hamkuuliza, na nadhani mnaliogopa. Mama yangu alipofariki mwezi wa pili mlisimama nami, mliosha vyombo, mlilala kwenye majani siku zote za msiba, na mimi sikuja. Wapo waliosema nimeolewa na Ulaya. Ukweli ni kwamba kibali changu cha kuishi kilikuwa kimekwisha muda, kipya kilikuwa bado ofisini, na niliambiwa nikitoka naweza kuzuiwa kurudi kwa watoto. Mazishi niliyatazama kwenye simu jikoni. Mlipoanza kuteremsha jeneza mtandao ukakatika. Uliporudi niliona udongo tu na migongo yenu.

Sikuweza kuomba karibu miezi miwili. Mke wa mchungaji, mmisionari, nilikuwa nafumba macho na ndani hakuna kitu. Kanisani nilienda kwa sababu zamu ya kupika kahawa ilikuwa yangu, basi. Kama mlidhani imani huku inatubeba juu juu kama lile treni la Wuppertal linaloning'inia juu ya mto, hapana. Mume wangu aliomba kwa niaba yangu, wala hakunihubiria, na hilo nitamheshimia maisha yangu yote.

Na kuna bibi mmoja wa kanisani. Huku mtu hakutembelei bila miadi, hata dada kwa dada wanapigiana simu kwanza. Yeye alikuja bila miadi. Alibonyeza kengele, akaingia, akaona rundo la viazi, akavuta kiti akaanza kumenya. Hakusema pole. Alimenya mfuko mzima, tungekula wiki. Nilikaa mbele yake nikalia kwa sauti, saa nane mchana, saa ambayo kelele zinaruhusiwa. Baada ya hapo maneno yalianza kurudi, machache machache.

Kuhusu mabati ya kanisa: tumetuma yuro 100, msitarajie zaidi kabla ya Pasaka. Baada ya kodi ya nyumba, bima na joto, tunahesabu sarafu kama ninyi, ila zetu zina jina lingine.

Basi mama wa Kashai, orodha unayo. Ya wiki hii ni mtihani wangu wa B2, Alhamisi saa tatu asubuhi ya huku, kwenu saa tano. Kuandika siogopi, niombeeni sehemu ya kuzungumza, maana nikiogopa Kijerumani kinageuka Kihaya. Mdogo naye ameanza kunijibu kwa Kijerumani nikimsemesha Kiswahili, mliweke hilo pia. Mashine ya kufulia imeanza tena kuvuja, lakini hiyo naiombea mwenyewe.