Maporomoko hayaendwi saa 9 alasiri: panga saa ya kugeuka kwanza

Mleta uzi, futa hiyo ratiba ya Jumamosi. Mengine uliyouliza yatasubiri. Umeandika kwamba mnafika kijijini saa 7 mchana, mnakula, mnapumzika kidogo, kisha saa 9 alasiri mnaondoka kwa miguu kwenda kwenye maporomoko ya maji: kilomita 7 kwenda, 7 kurudi, wewe, mkeo, mtoto wa miaka minane na mama yako mzazi. Jua huko linazama saa 12:30. Na wachangiaji hapo juu wamekujibu kwamba mwanga wa jioni unatoa picha nzuri sana. Hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu.

Tuipige. Kanuni ya wapanda milima ni ile ya Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na juu yake saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Inamhusu mtu mzima mwenye afya ambaye hasimami njiani. Ramani uliyobandika inaonyesha njia inapanda mita 300. Kwa mtu huyo wa Naismith, kilomita 7 ni saa 1 na dakika 24, mlima unaongeza dakika 30, anafika baada ya kama saa 1 na dakika 54. Sasa kundi lenu. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye wa mwisho, na mtoto wa miaka minane kwenye njia ya mawe na mizizi huenda kilomita 3 kwa saa, tena akiwa na furaha. Hapo ni saa 2 na dakika 20. Weka dakika 30 za mlima. Weka mapumziko ya dakika 10 kwa kila saa, kwa sababu mama atayahitaji hata kama hatayaomba. Inakuja saa 3 na robo.

Maana yake mkiondoka saa 9 mnafika saa 12:15 jioni. Jua limebakiza robo saa, na nyumbani ni kilomita 7.

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo baada ya kuzama mnabaki na dakika 20 na kitu za mwanga wa kuonea njia. Mbali na ikweta linazama kwa mshazari na mwanga unakawia, lakini chini ya miti au ndani ya bonde haijalishi mko wapi duniani, giza linaingia mapema kuliko uwanjani. Saa ya kuzama inayoonyeshwa na simu ni ya mahali palipo wazi. Mteremko unaotazama mashariki huingia kivulini mapema zaidi.

Wewe sikulaumu. Hasira zangu ni kwa wanaoandika zile orodha za mambo 15 ya kufanya kijijini wikiendi, wakaweka "matembezi mafupi ya jioni hadi kwenye maporomoko" katikati ya kuogelea na kuota moto, bila umbali, bila mwinuko, bila kutaja kama kuna mto wa kuvuka. Hasira pia kwa ramani ya simu, inayogawa umbali kwa mwendo wa mtu mmoja mzima na kukupa dakika kamili kana kwamba imeziona zile tope. Na hasira kwa wale wanaofundisha kupima jua kwa kiganja: nyoosha mkono, kila vidole vinne kati ya jua na upeo wa macho ni saa moja. Karibu na ikweta kipimo hicho kinakupunja. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Ngumi nzima ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, yaani dakika 40 hivi, na vidole vinne peke yake havifiki hata hapo. Anayeamini kiganja chake ni saa moja anajikuta na nusu saa.

Mwenyeji akikwambia "ni hapo tu" hakudanganyi. Anapima kwa miguu yake, kwenye njia anayoipita kila wiki, bila mtoto na bila kusimama kupiga picha. Badala ya kuuliza "ni mbali?", muulize maswali manne. Mara ya mwisho ulipita lini? Ukiwa na mtoto kama huyu ungetumia muda gani? Kuna kijito cha kuvuka, na mvua ikinyesha kinakuwaje? Njia panda ziko ngapi, na ipi huwapoteza watu? Ukipata mtu wa kwenda nanyi, mlipe, tena kubalianeni malipo kabla ya kuondoka. Mwongoza njia mmoja ana thamani kuliko vifaa vyote nitakavyotaja chini.

Sasa kanuni yenyewe, na ukisahau mengine yote shika hii: saa ya kugeuka inapangwa kabla ya kufunga kamba za viatu, na ikifika mnageuka, mmefika au hamjafika. Inapangwa kwa kuanzia mwisho. Chukua saa unayotaka kuwa umerudi. Toa muda wa kurudi. Toa dakika 45 za akiba. Iliyobaki ndiyo saa ya kugeuka. Muda wa kurudi uhesabu sawa na wa kwenda, usiupunguze kwa sababu ni kuteremka. Kuteremka kwenye udongo uliolowa kwa miguu iliyochoka ndiko watu wanakotegua vifundo, na mtoto aliyekwenda mbio asubuhi wakati wa kurudi anataka kubebwa.

Kwenu ninyi inakuwa hivi. Mwende Jumapili asubuhi. Gari la kurudi mjini umesema linaondoka saa 10 jioni, basi mwe mmerudi saa 8:30 mchana. Toa saa 3 na robo, unapata 5:15. Toa dakika 45, unapata saa 4:30 asubuhi. Mkiondoka saa 12:30 alfajiri, mara tu mwanga unapotosha, mnafika maporomoko kama saa 3:45, mnakaa dakika 45 za kutosha kula na kuloweka miguu, saa 4:30 mnageuka. Mkianza saa 2 kwa sababu mtu alilala, saa ya kugeuka inabaki ile ile 4:30. Hapo ndipo kanuni hii inapouma: mtakuwa mmebakiza kilomita moja na nusu au mbili, mnasikia maji yanaunguruma, na bado mnageuka. Watu wengi hupanga saa ya kugeuka vizuri, kisha wanaiongezea dakika 20 kwa sababu "tumeshafika jamani". Dakika hizo 20 za kwenda ni dakika 40 za safari nzima, na akiba karibu yote imeliwa hapo. Andika saa hiyo kwenye karatasi, mwachie mwenye nyumba mnakolala, mwambie ikipita saa 9:30 hamjarudi aanze kuulizia. Anayeona huo ni woga aone.

Asubuhi ina faida nyingine ambayo orodha zile hazitaji. Katika nchi za joto, na milimani karibu kote, mvua ya radi hupenda alasiri: ardhi hupata joto tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujijenga mchana, yanamwaga kuanzia saa 8 au 9. Kijito mlichovuka kwa kuruka mawe wakati wa kwenda kinaweza kuwa cha magotini wakati wa kurudi, hata kama mlipo hakukunyesha tone, kwa sababu mvua ilinyesha juu. Dalili ni maji kubadilika rangi, kuanza kubeba majani na vijiti, na mawe mliyokanyagia kuzama. Mkiona hivyo msivuke. Maji yaendayo kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, na mtoto huangushwa na machache zaidi. Kaeni upande mliopo, mahali pa juu, msubiri. Vijito vidogo hushuka upesi mvua ikikatika. Na ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mmweko na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10: tokeni kileleni na mbali na mti uliosimama peke yake.

Pale kwenye maporomoko penyewe hatari iko kwenye mawe yaliyolowa yenye ukijani. Yanateleza kama sabuni, na watu huanguka wakirudi nyuma ili picha iingie yote. Msiruke kwenye bwawa msilolijua kina, na mtoto akae upande wa chini ulio tulivu, mbali na mdomo wa juu.

Njia panda nazo. Njia ikitazamwa wakati wa kurudi si ile mliyoiona mkienda. Panda iliyokuwa dhahiri kwenda mbele inajificha ukitokea upande wa pili, hasa pale njia mbili zinapoungana kwa pembe nyembamba na wewe hukujua kwamba ziliungana. Kwa hiyo kila panda simameni, geukeni, mpige picha mkitazama mlikotoka. Hiyo ndiyo sura mtakayoikuta. Ukipiga picha ya mbele huna ulichofanya.

Simu: pakua ramani ya eneo ukiwa bado mjini. Kijijini iweke kwenye hali ya ndegeni, maana simu inayotafuta mtandao hafifu humaliza chaji haraka, wakati GPS hupokea tu mawimbi ya setilaiti na katika simu nyingi inafanya kazi bila mtandao wowote. Pawabanki ya mAh 10,000 inatosha kabisa. Lakini simu isiwe ndiyo tochi yenu. Kila mtu awe na taa yake, ikiwezekana ya kichwani, hata kama mnatoka asubuhi, kwa sababu taa moja mbele ya watu wanne inamulika mmoja tu. Mwili wa aliyeishika unatupa kivuli pale pale ambapo wa nyuma anataka kukanyaga. Na mkikutwa na giza, taa ya mkononi ishikeni chini, usawa wa nyonga. Ukimulika kutoka usawa wa macho, mwanga unakwenda sambamba na unavyotazama, vivuli vinajificha nyuma ya vitu, na shimo na ardhi bapa vinafanana. Ukishusha mkono, kila jiwe linatupa kivuli kirefu na shimo linakuwa jeusi. Jaribuni uani Jumamosi usiku mtaona tofauti papo hapo.

Maji ni nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea, na kwenye jua kali mpaka lita nzima. Kwa saa sita na nusu hizo ni lita 3 na zaidi kwa mtu mzima, na kila lita ni kilo moja mgongoni, basi gaweni mizigo kabla ya kuondoka. Maji ya kijito, hata yawe meupe namna gani, yachemsheni mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima, dakika 3 kama mko juu ya mita 2,000. Yakiwa na tope yachujeni kwanza kwa kitambaa. Filimbi moja ivaliwe na mtoto shingoni. Akipotea akae alipo, apulize mara tatu, anyamaze dakika moja, arudie. Mfundishe kabla.

Viatu vipya vibaki mjini.

Jumamosi alasiri, uliyokuwa umeipangia maporomoko, zungukeni kijiji, kilomita mbili tatu zisizo na mlima. Tafuteni mahali njia ya kesho inapoanzia, muione kwa mwanga, maana saa 12:30 alfajiri ndipo watu hupotea kabla hata hawajaondoka. Mtoto apelekwe penye mifugo inaporudi zizini, aombe ruhusa asaidie kuchota maji au kufunga lango. Hilo halihitaji kiingilio wala ratiba. Usiku, kama hakuna mbalamwezi, zimeni taa zote na mkae nje dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu. Macho yanahitaji muda huo kuzoea giza, na mtu mmoja akiwasha skrini mnaanza upya. Kama mko mbali na taa za mji na hakuna mawingu, mtaona nyota ambazo mjini hazionekani.

Mkamaliza, lala. Saa 11 alfajiri si mbali.

Zile picha za watu na zawadi za kupeleka ulizouliza, wengine watakujibu. Mimi nataka ubandike hapa, kabla ya Ijumaa, majibu ya mwenyeji kwa yale maswali manne na saa yenu ya kugeuka. Kama mwinuko ni zaidi ya mita 300 nilizosoma kwenye ramani yako, nitakupigia hesabu upya, na huenda mama abaki kijijini na mtoto awe na safari ya nusu njia.