Kwa nini mashamba ya Marekani ni miraba, na barabara zake hukata kona ghafla?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha jiografia sekondari. Tukiangalia picha za satelaiti darasani, wanafunzi waliona Iowa na Indiana zimekatwa miraba mitupu, ilhali Kentucky, ng'ambo tu ya mto Ohio, mashamba hayana umbo. Tena barabara nyingi za Iowa zinakwenda kaskazini zimenyooka, ghafla zinakata kona fupi, kisha zinaendelea kaskazini. Miraba hiyo ilipimwaje zama zile, na hizo kona ni makosa ya wapimaji?

JIBU: Mwalimu, nianze na kona. Nyingi si makosa. Mistari miwili inayoelekea kaskazini halisi haiendi sambamba. Inakaribiana taratibu hadi ikutane kwenye ncha ya dunia. Mraba wa maili 6 kwa 6 kwenye latitudo ya 40 hupungukiwa kama futi 40 upande wa juu, yaani mita 12 hivi. (Ukipima mraba huohuo Dar es Salaam, upungufu hauzidi futi 6, ndiyo maana huku kwetu jambo hili halitusumbui.) Sheria yao ilitaka miraba kamili na pia mistari ya kaskazini halisi, na dunia ya mviringo haikupi vyote viwili. Basi kila baada ya umbali fulani, ambao baadaye ulitulia kwenye maili 24, walipiga mstari wa masahihisho kutoka mashariki hadi magharibi, wakaanza tena na upana kamili. Pembe za juu ya mstari hazikutani na za chini yake, na kwa kuwa barabara zilipitishwa mipakani, nazo zikajipinda. Iowa kuna hata mji unaoitwa Correctionville kwa sababu ya mstari huo.

Mfumo wenyewe ulianzia kwenye sheria ya ardhi ya Mei 1785. Ardhi ikatwe miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya maili moja moja, na kipande namba 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Kifaa kilikuwa mnyororo wa Gunter: futi 66, viungo 100. Wanafunzi watakuuliza kwa nini 66. Wape hesabu: minyororo 80 ni maili moja, na miraba 10 ya mnyororo mmoja kwa mmoja ni ekari moja. Kipande cha 80 kwa 80 kina miraba 6,400. Gawa kwa 10, unapata ekari 640. Mpimaji aliyeketi kwenye gogo msituni alipata eneo bila kuhangaika.

Porini kazi ilikuwa na adha zake. Kwenye mteremko mnyororo ushikwe usawa, kwa vipande vifupi na timazi, la sivyo unapima ardhi isiyokuwepo. Dira nayo haielekei kaskazini halisi, na penye chuma huchanganyikiwa kabisa. Mpimaji William Burt alisajili dira inayotumia jua mwaka 1836. Mwaka 1844 kikosi chake huko Michigan kiliona sindano ya sumaku ikirukaruka, kumbe wamekanyaga madini ya chuma. Malipo yalikuwa kwa maili: sheria ya 1796 iliweka kikomo cha dola 3, na humohumo mpimaji awalipe washika mnyororo na wafyekaji. Unaweza kukisia haraka iliyofuata. Ndipo mwaka 1805 Bunge likaamua kwamba pembe zilizokwisha kuwekwa ndizo mpaka halali, hata zikiwa zimekosewa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sheria ya busara kuliko zote walizotunga kuhusu upimaji.

Kentucky ilipimwa kwa mtindo wa zamani: kutoka mti huu hadi mto ule. Madai yakapandiana, kesi zikajaa. Thomas Lincoln, baba yake Rais Abraham Lincoln, alihama huko mwaka 1816 kwenda Indiana, na mwanawe aliandika baadaye kwamba sababu kubwa ilikuwa matatizo ya hati za ardhi.

Hapo ndipo upimaji unapoingia katika historia ya kuhamia magharibi. Shamba lenye namba laweza kuuzwa ofisini na mtu asiyewahi kuliona. Mwaka 1800 kiwango cha chini kilikuwa ekari 320 kwa dola 2 kila ekari, robo ikitangulia na iliyobaki kwa mkopo. Madeni yakawaelemea watu, hasa baada ya mtikisiko wa uchumi wa 1819, na mwaka 1820 mkopo ukafutwa: ekari 80, dola 1.25 kila ekari, taslimu. Kwa dola 100 mtu alikuwa na shamba.

Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Utaratibu rasmi ulikuwa mkataba wa kuwanyang'anya kwanza, kisha mnyororo, kisha mnada. Mpimaji Thomas Hutchins alipoanza kupima Ohio mwishoni mwa Septemba 1785, alisimama baada ya kama maili 4 tu kwa hofu ya wenyeji waliokuwa wakiipinga hatua hiyo. Miaka 47 baadaye, miraba ileile ilitumika dhidi ya Wakriki (Creek), kabila la wenyeji wa Alabama: mkataba wa 1832 uliipa kila familia nusu kipande, ekari 320, na machifu 90 kipande kizima kila mmoja. Kwa kuwa sasa ilikuwa na namba na mwenye jina, ardhi hiyo ilinunulika, na walanguzi waliipata kwa ulaghai na saini za kughushi. Mwaka 1836 jeshi liliwahamisha Wakriki kwa nguvu hadi magharibi ya mto Mississippi.