Mungu akichagua, je, kaka yangu ameachwa?

Dada yangu wa Urambo, umeuliza: kama Mungu aliwachagua watu wake kabla ya ulimwengu kuumbwa (Waefeso 1:4), je, anampenda kaka yako aliyeacha kanisa? Pole kwa mzigo huo.

Anza na Ibrahimu. Katika Mwanzo 12:3, mara tu anapochaguliwa anaambiwa kwamba jamaa zote za dunia zitabarikiwa kupitia kwake. Anachaguliwa mmoja ili wengi wafikiwe. Na Kumbukumbu la Torati 7:7-8 yasema Israeli hawakuchaguliwa kwa wingi wao, bali kwa kuwa Bwana aliwapenda. Uteule unatoka ndani ya pendo.

Wengi hukwama Warumi 9, pale Mungu anaposema alimpenda Yakobo, akamchukia Esau. Usiishie hapo, soma mpaka 11:32, Mungu apate kuwarehemu wote. Paulo huyohuyo, 10:1, anawaombea ndugu zake waokolewe! Wafuasi wa Calvin, waliosema Mungu huchagua kwa mapenzi yake tu, na wa Arminius, waliosema huwachagua wale aliojua tangu mwanzo kwamba wataamini, walivutana juu ya hili hata kwenye sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Dordrecht, Uholanzi, 1618–1619, na makanisa hayajakubaliana. Mimi nasimama na 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe.

Asikuambie mtu kwamba kaka yako amekataliwa, hata awe mzee wa kanisa. Hakuna aliyepewa kujua hilo. Mwombee, kisha mpigie simu. Usimhubirie, msalimie tu, umuulize habari za tumbaku na watoto.