Mpira upi, mdomo upi: maswali yenu kuhusu kuvuta vumbi la mbao

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka kitu kimoja, ule mpira unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye kifyonza, yaani mashine ya kunyonya vumbi. Watu huchagua mashine kwa makini, huchagua kifyonza kiasi, na mpira huokota ulio karibu. Vumbi likijaa karakana, lawama zote humwangukia kifyonza.

Fundi, nimenunua mpira ulioandikwa milimita 35, na kitabu cha mashine yangu ya msasa kinasema mdomo wake ni milimita 35. Haviingiani kabisa. Nani kanidanganya?

Hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja alipima mahali pake. Mpira kwa kawaida hutajwa kwa kipenyo cha ndani, yaani pale hewa inapopita. Kichwa chake, kile kipande kigumu cha mwisho, kina vipimo vyake vingine kabisa. Mdomo wa mashine nao kiwanda kimoja hupima nje, kingine hupima ndani. Kwa hiyo 35 mbili zinaweza kupishana kwa unene wa ukuta wa plastiki, na hapo ndipo mchezo unapoharibika.

Chukua vernia, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia vipenyo, uandike namba nne: mdomo wa mashine nje na ndani, kichwa cha mpira nje na ndani. Usipime mahali pamoja tu, kwa sababu midomo hii mingi huchongoka kidogo. Mashine yangu moja ya msasa ina milimita 34.2 nchani na 35.1 kwenye shina. Ukipima ncha peke yake utanunua kiungio kinachoingia nusu, kisha kinachomoka katikati ya kazi.

Jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vingi: ukiwa na uhuru wa kuchagua, mdomo wa mashine uingie ndani ya mpira, na kila kiungio kinachofuata kiingie ndani ya kile kilicho mbele yake kuelekea kwenye kifyonza. Ni kama mabati ya paa, la juu hulilalia la chini ili maji yasikutane na ukingo. Ukipanga kinyume, kila ukingo unakuwa kizingiti cha kunasa maranda.

Nina kifyonza kimoja tu, lakini nina mashine ya msasa, jigso (msumeno mwembamba wa kukata mapindo), ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji), msumeno wa duara na randa ya umeme. Mpira mmoja utatosha?

Mimi ningenunua miwili. Msasa na jigso hutoa unga, na unga hauhitaji njia pana. Mpira wa milimita 27 unausafirisha vizuri, ni mwepesi na hauvuti mkono unapozungusha mashine juu ya meza. Randa, ruta na msumeno hutoa vitu vyenye umbo, na maranda marefu ya randa hujikunja kwenye kona ya kwanza na kujenga kiota. Hapo chukua milimita 36. Tofauti ya namba inaonekana ndogo, lakini eneo la kupitisha hewa linaongezeka karibu mara 1.8, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo.

Sasa usiseme basi twende 50 tumalize. Vumbi kavu la mbao linahitaji hewa iende kama mita 20 kwa sekunde ndipo libebwe bila kuanguka njiani. Kwenye mpira wa 27 mwendo huo unataka takribani lita 690 za hewa kwa dakika. Kwenye wa 36 ni lita 1,220. Kwenye wa 50 ni lita 2,360. Kifyonza chako kinaweza kuwa kimeandikwa lita 3,500 au zaidi, lakini namba hiyo mara nyingi hupimwa kwenye injini yenyewe, bila mpira, bila mfuko uliojaa nusu, bila mdomo mwembamba wa mashine. Ukivijumlisha vyote, mpira wa 50 unabaki na hewa inayotembea kivivu, na unga unalala chini ya mpira kama mchanga mtoni.

Kama fedha ni ya mmoja tu, nunua wa 36 na uvumilie uzito wake kwenye msasa. Ukifanya kinyume, randa itakufundisha adabu ndani ya dakika tano.

Kidokezo kwa wenye vifyonza vya daraja la M, yaani vya vumbi lenye hatari ya kati: vingi vina kitufe cha kuzungusha chenye vipenyo vya mpira. Wengi hawakigusi. Hicho ndicho kinachoiambia mashine ipige kelele mwendo wa hewa ukishuka chini ya mita 20 kwa sekunde. Ukibadilisha mpira bila kukizungusha, ama italia bure au itanyamaza wakati ilipaswa kulia.

Msumeno wangu wa meza una tundu la milimita 100. Nimeweka redusa ya kushuka hadi 35 na kuunganisha kifyonza cha karakana. Vumbi bado linajaa chini. Nibadilishe redusa?

Redusa yako haina kosa, ndugu yangu. Umefunga ndoa ya watu wasioelewana.

Mashine za kuvuta vumbi ni za aina mbili. Kifyonza huvuta kwa nguvu nyingi lakini hewa yake ni kidogo, ndiyo maana kinaweza kunyonya kupitia tundu dogo la msasa. Feni kubwa yenye mfuko, ile ya mipira ya milimita 100, huhamisha hewa nyingi mno lakini haina nguvu ya kupigana na njia nyembamba. Mpira wa 100 unataka takribani lita 9,400 kwa dakika ili vumbi litembee. Hakuna kifyonza cha kawaida kinachofikia hapo. Kinyume chake nacho hushindwa: ukiichukua ile feni ukaiunganisha kwenye mpira wa 35 wa msasa, inabaki kuunguruma huku msasa ukimwaga vumbi kama kawaida.

Kwa hiyo kifyonza kwa mashine za mkononi, feni kwa mashine za kusimama. Ukiwa huna feni bado, acha kuhangaika na tundu la chini. Peleka kifyonza kwenye kinga ya juu ya msumeno kama ina mdomo, kwa maana vumbi la pale ndilo linalokurukia usoni. La chini utalizoa kwa koleo jioni, ukiwa umevaa barakoa.

Shikamoo fundi. Kila nikitumia mashine ya msasa mpira unanipiga shoti. Mzee mmoja kanishauri niuzungushie waya wa shaba. Je, itasaidia?

Marahaba, mwanangu. Vumbi linapokwaruza ukuta wa plastiki linaacha chaji ya umeme, na plastiki haina pa kuipeleka. Inakusanyika hadi ipate njia, na njia ni wewe. Siku za hewa kavu huwa mbaya zaidi. Mshtuko wenyewe ni mdogo; kushtuka mkono ukiwa karibu na meno ya msumeno yanayozunguka ndiko kubaya.

Waya wa shaba nje ya mpira husaidia kidogo sana, kwa sababu unaondoa chaji pale tu unapogusa. Dawa ni mpira uliotengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na kaboni, ambayo hupitisha umeme polepole. Mingi ni myeusi, lakini usinunue kwa rangi, maana mpira mweusi wa kawaida nao umejaa madukani. Soma maandishi yake.

Hata ukiwa na mpira sahihi, njia lazima isikatike: kichwa cha mpira, mpira, tundu la kifyonza, kisha waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, kwenye plagi. Adapta moja ya plastiki ya kawaida katikati inaua kila kitu. Mashine nyingi za mkononi zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zimekingwa mara mbili na hazina ethi, kwa hiyo chaji haina pa kutokea ila upande wa kifyonza. Kama plagi ya kifyonza chako haina ethi, umenunua mpira wa bei kwa faida ndogo.

Ukitaka kupima, weka mita ya umeme kwenye kipimo cha juu kabisa cha ukinzani, cha megaomu, ncha moja kwenye kichwa cha mpira na nyingine upande wa kifyonza. Usitegemee mlio wa kupima waya. Ukinzani wa mipira hii ni mkubwa, mlio hautasikika hata mpira ukiwa mzima.

Viungio vyangu vinavuja hewa. Nimezungushia teipu ya umeme, baada ya wiki imekuwa ute.

Teipu ya umeme haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Gundi yake huteleza ikipata joto na vumbi, kisha hubaki kwenye mdomo wa mashine milele.

Pengo likiwa dogo, chini ya milimita moja, kata pete ya tyubu ya baiskeli yenye upana wa sentimita tatu, ivute uivalishe kwenye mdomo, kisha sukuma kichwa cha mpira juu yake. Inakaza, inachomoka ukitaka, wala haiachi kovu.

Pengo likiwa kubwa, tengeneza kiungio chako mwenyewe kwa bomba la PVC. Hii naipenda kuliko adapta za ngazi za dukani, zile zenye vipenyo vinne au vitano vinavyopungua, kwa sababu wengi huziacha bila kukata ngazi wasizozihitaji na hewa yote inapita kwenye tundu jembamba la mwisho. Chonga kizibo cha mti kwenye lezi, yaani mashine ya kukereza, kipenyo chake kikiwa kikubwa kuliko mdomo wa mashine kwa kama milimita 0.3, na ncha yake ichongoke. Chovya sentimita nne za bomba kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, hadi ukibonyeza kwa kijiti linabonyea. Vaa glavu, sukuma kizibo kwa mkono mmoja tulivu bila kuzungusha, kisha tumbukiza vyote kwenye maji baridi. Ukikivuta kizibo, bomba limekariri umbo lake. Usitumie moto wa wazi. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma kifua.

Usitumie mdomo wa mashine yenyewe kama kizibo. Nilifanya hivyo mara moja, nikapata viungio viwili vilivyopinda badala ya kimoja kilichonyooka.

Kifyonza changu kinavuta vizuri mno, mashine ya msasa inang'ang'ania mbao na kuacha michoro ya mviringo. Nifanye nini?

Punguza nguvu ya kifyonza, au fungua kile kitundu cha kupunguza mvuto kwenye kichwa cha mpira kama kipo. Kisha hakikisha matundu ya karatasi ya msasa yamekaa sawasawa na matundu ya kitako cha mashine inapobandikwa.

Naweza kuweka kifyonza nje na kuvuta mpira mita kumi hadi mezani, nipunguze kelele?

Kelele itapungua, na mvuto pia. Kwa hewa ileile, upinzani unaongezeka sambamba na urefu: mita kumi ni mara mbili ya mita tano. Kipenyo kina uzito zaidi: ukikipunguza nusu, upinzani unapanda takribani mara 32. Mikunjo ya ndani ya mpira nayo inakula hewa kuliko bomba laini.

Kwa hiyo safari ndefu ifanye bomba laini la milimita 50, lipite ukutani, na mwisho uweke mita tatu tu za mpira wa 36. Kona iwe elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Milimita 50 zile zitapunguza mwendo wa hewa kama nilivyosema hapo juu, basi pale inapowezekana liweke bomba wima, hewa ikienda chini, na weka kifuniko cha kufungua mwishoni ili uweze kulisafisha. Ni suluhu ya kubadilishana madhara, lakini ni bora kuliko mita kumi za mpira uliojiviringisha sakafuni kama chatu.

Baba alikuwa seremala miaka mingi bila kifyonza wala barakoa, hakuugua. Kweli haya yote ni lazima?

Namshukuru Mungu kwa afya yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1995, na saratani ya ndani ya pua na ya vyumba vya hewa vilivyo kando yake ndiyo inayotajwa zaidi. Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini hadi miligramu 2 kwa mita moja ya ujazo wa hewa mwaka 2023. Baba yako alitumia randa ya mkono, inayotoa maranda. Wewe unatumia mashine ya msasa inayotoa unga usiouona. Hamfanyi kazi moja.

Mpira huohuo naweza kuutumia kwenye grainda ninapokata chuma?

Hapana. Cheche moja ikifika kwenye mfuko uliojaa unga wa mbao inaweza kukaa humo ikifuka kimya, na moto ukauona usiku umeshafunga karakana. Weka kifyonza kingine na mpira mwingine kwa chuma, na uandike kwa rangi juu yake ili kijana wako asichanganye.