Choo kikipiga kelele, uliza kwanza ni wakati gani

Katika familia yetu fundi bomba ni mimi. Cheti sina, ila vyoo vya nyumbani vimenisumbua kwa zamu mpaka nikazoea kufunua tangi kabla ya kumpigia mtu simu. Mtu akiniambia choo chake kina kelele, namuuliza kelele hiyo inakuja wakati gani. Maji yanapojaa? Yakishakata? Mtu akiwa anaoga? Au usiku, wakati hakuna aliyeingia chooni? Sauti za vyoo hufanana sana, na mara nyingi ni huo wakati wake unaokuonyesha pa kushika.

Ya usiku ndiyo inayokula maji mengi, na ndiyo watu wanaoitengeneza vibaya. Choo kimetulia, ghafla maji yanaingia tangini kwa sekunde chache, shhh, kisha kimya. Baada ya muda, tena. Mwenye nyumba anafunua tangi, anasikia sauti inatoka kwenye valvu ya boya, ile inayoingiza maji na kuyakata tangi likijaa, ananunua mpya, anafunga, na usiku uleule shhh iko palepale. Valvu haikuwa na kosa. Ilikuwa inajazia maji yaliyopungua, na yalipungua kwa sababu yanatorokea bakulini kupitia ule mpira unaoziba tundu la chini.

Kuhakikisha hakuhitaji fundi. Funga ile koki ndogo inayoingiza maji tangini, piga alama ya penseli kwenye ukuta wa ndani wa tangi, usawa wa maji, kisha acha nusu saa bila mtu kuflashi. Maji yakishuka chini ya alama, mpira unavuja. Yasiposhuka, fungua koki uchungulie. Kama yanapanda mpaka yanamwagikia ndani ya bomba la wima lililo katikati, hapo sasa valvu ya boya ndiyo haikati. Hata hivyo, jaribu kwanza kuteremsha boya. Maji yanatakiwa yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo, na kuna vyoo vinavyomwaga maji mchana kutwa kwa sababu tu boya limewekwa juu mno.

Mpira nao usiutupe kabla hujaushika. Ukiacha weusi vidoleni, au ukiwa umejikunja na kukakamaa, umekwisha. Ukiwa bado laini, pitisha kidole kuzunguka mdomo wa tundu unaoukalia. Mara nyingi utagusa ukwaru wa chokaa, na sponji ya kuoshea vyombo inatosha kuuondoa. Msasa hapana, utachimba mikwaruzo mipya ya kupitisha maji. Tazama na mnyororo unaouinua mpira huo. Ukiwa mrefu mno, hunaswa chini ya mpira. Ukiwa mfupi mno, huuvuta juu usikae sawasawa. Vyoo vya kitufe havina mnyororo: chombo chote cha katikati huzungushwa kidogo kikatoka, na chini yake kuna washa bapa ya mpira. Na vile vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa tangini vinaila mipira hii. Kwangu haviingii, hata vikiwa na harufu nzuri namna gani.

Kelele ya wakati wa kujaa ni rahisi zaidi, ingawa ndiyo inayotisha watoto: mlio mzito, kama honi ya meli, tangi linapokaribia kujaa. Ukiusikia, inua boya kwa mkono. Mlio ukikatika papo hapo, mpira mdogo ulio ndani ya valvu umechakaa na unatetemeka maji yanapopita. Kama ni mluzi mwembamba, angalia koki ya chini isije ikawa imefunguliwa nusu, kisha safisha valvu. Funga maji, ondoa kifuniko chake cha juu, kifunike kichwa cha valvu kwa kikombe kilichopinduliwa, halafu fungua maji sekunde chache. Kikombe ni lazima, la sivyo utaoga pale pale. Mchanga ukitoka, rudisha kifuniko usikilize. Mlio ukibaki, badilisha mpira au valvu nzima.

Kishindo kimoja, du!, maji yanapokata, ni bomba linalopigwa na maji yaliyosimamishwa ghafla. Kaza vibanio vya bomba ukutani. Kikiendelea, presha ya maji ipimwe, maana hapo tangi halina la kujibu.

Hata kubwabwaja hakutoki tangini. Bakuli likitoa mapovu mtu anapoflashi choo kingine au anapomwaga maji bafuni, hewa imekosa njia kwenye bomba la maji taka. Fungua kifuniko cha chemba iliyo karibu, yaani kile kishimo cha nje cha kukagulia bomba la maji taka. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, au shimo la maji taka limejaa. Ikiwa tupu huku choo kinashuka kwa kusuasua, kizuizi kiko kati ya choo na chemba. Kama maji yanashuka vizuri lakini mapovu yapo, shuku bomba la hewa linalotokeza juu ya paa. Ndege hujenga humo na majani hujaa. Usilipuuze hata kama choo bado kinafanya kazi, kwa sababu yale maji ya bakulini ndiyo yanayozuia hewa chafu ya bomba, na yakinyonywa yote utaanza kusikia harufu ndani ya nyumba.