Kutengeneza biti ya disko isiyonuka vumbi

Wateja wanaotaka biti ya disko wameongezeka siku hizi. Kuna wanaotaka muziki wa kuingilia ukumbini siku ya sendofu, kuna madijei wanaotafuta ala tupu za kuchanganyia, na kuna wale waliosikia kundi la Daft Punk wakiwa na Nile Rodgers, mpiga gitaa wa bendi ya Chic, mwaka 2013 na hadi leo hawajapona. Wote wanakuja na ombi moja: iwe ya zamani, lakini isisikike ya zamani. Ukilichukua ombi hilo juujuu utaishia kumwaga sintesaiza juu ya ngoma za kale, na kitakachotoka hakitakuwa cha jana wala cha leo. Mimi nalielewa hivi: upigaji ubaki wa miaka ya 70, ila namna ya kugawa nafasi kwenye miksi iwe ya sasa.

Tuanze na drams. Mdundo wenyewe hauna siri. Earl Young, mpiga drams wa Philadelphia, aliuweka wazi mwaka 1973 kwenye "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes: kiki (ngoma ya mguu) kila pigo, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) pigo la pili na la nne, haihati (matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu) ikifunguka katikati ya pigo na pigo. Yeyote mwenye kompyuta anauchora huo kwa dakika moja. Kazi iko kwenye haihati. Mtu anapoifungua na kuifunga kwa mguu, ule mlio haukatiki ghafla, unabanwa, na kule kubanwa kuna kasauti kake. Kwa hiyo hakikisha haihati iliyofunguka inazimwa na ile iliyofungwa palepale kiki inapotua, na usiache mapigo mawili yanayofuatana yakawa na nguvu sawa. Mimi kiki na snea naziacha zimenyooka kwenye gridi, ile mistari ya kompyuta inayogawa mapigo, bila huruma. Haihati, tumba na kayamba nazipiga kwa mkono kwenye pedi, na sizinyooshi hata kama zimelegea kidogo.

Wapo wanaosema kiki iliyonyooka ni usaliti, kwamba disko ilipigwa na watu. Sawa, ila Bee Gees wenyewe mwaka 1977, mpiga drams wao alipolazimika kuondoka kwenda kwa familia yake, walikata kipande cha utepe kutoka wimbo wao mwingine, wakakiunga mwisho kwa mwanzo kikawa kinazunguka, na juu ya kipande hicho wakajenga "Stayin' Alive". Kurudiarudia kwa mashine kulikuwamo tangu zamani.

Kiki yenyewe iwe fupi. Drams za wakati ule zilirekodiwa kavu, na wengi walikuwa wakiweka blanketi au mto ndani ya ngoma ya mguu ili isivume. Zile kiki zenye mkia mrefu tulizozoea kwenye biti za trapu, hapa ziweke kando. Kasi yangu ni kati ya midundo 112 na 122 kwa dakika, ambayo kwa watu wa singeli ni sawa na kusimama.

Sasa besi, na hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Sikiliza Bernard Edwards wa Chic, lakini usisikilize noti anazopiga, sikiliza mahali zinapoishia. Noti ya chini inavutwa kidogo, ile ya oktavu juu yake inakatwa mapema, kisha kuna upenyo mdogo wa kimya kabla ya kiki inayofuata. Mpiga besi akija studio namwomba aufunike uzi kwa mkono wa kushoto mara tu anapomaliza noti. Wengi wanaona kama nawadharau, kwa sababu wamezoea kuujaza wimbo. Lakini upenyo ule ndio unaofanya mtu atikise bega, na ukiuacha ukajazwa, hakuna plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti, itakayouokoa.

Baada ya hapo ndiyo kompresa inaingia. Weka kompresa, kifaa cha kubana na kushusha sauti, kwenye besi, iambie isikilize kiki, na kila kiki inapotua besi ishuke desibeli 2 au 3 tu. Piga hesabu: kwenye kasi ya 120, pigo moja ni milisekunde 500, nusu yake 250. Nataka besi iwe imerudi juu kikamilifu kabla ya ile nusu, hivyo muda wa kuachia nauweka karibu na milisekunde 120. Ukiurefusha, besi inaanza kuhema kama zile nyimbo za hausi ya Ufaransa za miaka ya 90. Ni tamu, nakubali, lakini hiyo ni ladha nyingine na mteja aombe mwenyewe. Kama kiki inakaa kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 55 hadi 60, iachie besi eneo la 80 hadi 120, na zisigombee kiti kimoja.

Huna mpiga besi? Basi fuata njia ya prodyuza Giorgio Moroder mpaka mwisho. Kwenye "I Feel Love" ya Donna Summer, iliyotengenezwa Munich mwaka 1977, besi yote ni ya sintesaiza ya Moog, na kila noti inarudiwa na dilei, moja upande huu na mwangwi wake upande ule, mpaka sikio linasikia mbio ambazo hakuna kidole kilichozipiga. Inapendeza kwa sababu haijifanyi gitaa. Sampuli ya gitaa la besi iliyochorwa kwa kipanya inajifanya, na inajulikana mara moja.

Gitaa la ridhimu nalo lina mtego wake, hasa huku kwetu. Wapiga magitaa waliokulia kwenye bendi za dansi wana vidole vya dhahabu, lakini wamezoea gitaa liimbe. Disko inataka gitaa likwanguliwe. Nyuzi mbili au tatu za juu tu, mkono wa kulia ukienda bila kusimama mapigo 16 katika kila baa, yaani ndani ya kiki nne, na mkono wa kushoto ukibonyeza na kuachia ili mapigo mengi yatoke butu, machache tu yatoe sauti. Rekodi mara mbili kwa upigaji tofauti, moja kushoto, moja kulia, kisha kata kila kitu kilicho chini ya Hz 200. Ukilisikiliza gitaa hilo peke yake litakuwa jembamba hadi lichekeshe. Usiliguse. Likiingia kwenye miksi linakaa mahali pake.

Fidla ndizo zinazonipa furaha kuliko vyote. Philadelphia na New York walikuwa na uwezo wa kukodi kundi zima la wapiga fidla. Sisi tuna kitu ambacho maprodyuza wengi hawakifikirii: wapiga fidla wa taarabu. Mwite mmoja tu, mpe mstari mfupi wa noti sita saba, apige mstari huohuo mara nyingi, na kila mara asogee, mara karibu na maiki, mara hatua mbili nyuma, mara ageuke upande. Kisha apige tena kwenye oktavu ya juu. Ule mtelezo mdogo wa kitaarabu kati ya noti na noti hautoki sawasawa mara mbili, na tofauti hizo zikipangwa pamoja zinageuka kundi. Mwambie tu asipambe mno. Mstari wa fidla kwenye disko ni wa kujibu, na ukijibu kila kitu hakuna anayekusikiliza.

Hilo linanipeleka kwenye mpangilio. Biti ya ala tupu haina mwimbaji wa kuibeba, kwa hiyo lazima uchague nani anaimba. Dakika ya kwanza waweza kumpa besi, kiitikio wapewe fidla, halafu katikati uvue nguo zote zibaki drams na tumba. Kile kipande cha katikati, Tom Moulton na Walter Gibbons, mafundi wa kumiksi upya nyimbo za disko, walikifanya kuwa roho ya rekodi za densi za New York miaka ya 70. Ni Moulton huyohuyo ambaye siku fundi wa santuri alipoishiwa sahani za inchi 7 walichonga wimbo kwenye sahani kubwa zaidi, mifereji ikatawanywa, na sauti ikatoka kubwa yenye besi nzito. Single ya inchi 12 ilianzia huko.

Nakikumbuka kisa hicho kila mtu anapoleta kazi iliyobanwa mpaka mawimbi yanaonekana kama tofali. Spotify kwa kawaida inazishusha nyimbo zenye kelele hadi karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukibana kupita kiasi unapoteza mapigo na hupati sauti zaidi. Riverbu, yaani mwangwi wa chumba, iwe fupi kwenye snea, ndefu kwenye fidla, na kwenye kiki na besi isiwepo kabisa. Kila kilicho chini ya Hz 120 kikae katikati, maana kumbi nyingi zinaunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja.

Jaribu miksi kwenye sabufa ya sebuleni, kisha kwenye simu. Sabufa itakuonyesha kama kiki na besi vinagombana. Simu itaimeza besi yote, na dawa yake ni kuikwaruza besi kidogo kwa plagini ya kupasua sauti, ili ipate milio ya juu ambayo spika ndogo inaweza kuitoa.

Ukikabidhi kazi, mpe dijei baa 16 za drams tupu mwanzoni na mwishoni, na andika kasi na ufunguo kwenye jina la faili. Kama ni ya sendofu, toa na toleo la pili lisilo na fidla. Emsii ataongea juu yake mwanzo hadi mwisho, na fidla na sauti ya mtu vinakaa eneo lilelile.