Jani la Mgomba Likigeuka Manjano: Kwa Mnaoanza Kulima Ndizi za Biashara Kando ya Ziwa

Ndugu zangu mnaoanza kulima ndizi Sengerema, Buchosa, Ukerewe na kwingineko mwambaoni mwa Ziwa Victoria, nawaomba jambo moja kabla hamjakwenda duka la pembejeo: mkiona jani limegeuka manjano, tafuteni kwanza chanzo chake. Sigatoka nyeusi, mnyauko wa bakteria na fukusi wa migomba (mdudu ambaye funza wake hula tunguu, ile sehemu nene ya mgomba iliyo ardhini) vyote huharibu majani, lakini dawa ya kimoja haikigusi kingine, na inasikitisha kumwona mkulima akipulizia dawa ya ukungu mgomba ambao tunguu lake linaliwa na funza chini ya ardhi.

Sigatoka nyeusi ni ukungu unaoenezwa na upepo na matone ya mvua, nao hupenda jani lililolowa kwa muda mrefu, ndiyo maana hushamiri wakati wa vuli na masika. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto la mwambao huufaa ukungu huu kuliko baridi ya milimani. Geuza jani utazame upande wa chini: utaona vistari vyembamba vya rangi ya kutu, ambavyo baadaye hupanuka na kuwa madoa meusi, kisha katikati ya doa hukauka na kuwa kijivu huku pembeni pakiwa na ukingo wa manjano. Mgomba haufi, ila mkungu hukosa lishe, vidole hubaki vyembamba na ndizi huiva kabla ya wakati, pengine zikiwa bado njiani kwenda soko la Mwanza. Mkungu unapochomoza, hesabu majani mazima. Yakiwa chini ya manane, usitarajie mkungu wa kujaa vizuri. Kata sehemu iliyokauka tu, uache ile ya kijani iendelee kuulisha mkungu. Katika kila kichaka cha migomba bakiza mama, mtoto na mjukuu, yaani mgomba mkubwa, chipukizi lake na chipukizi dogo linalofuata, ili hewa ipite na majani yakauke mapema.

Mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa nchini mwaka 2006 mkoani Kagera, ndio ninaouhofia zaidi. Majani hulegea na kunyauka, ua dume (lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu) husinyaa, ndizi huiva ovyo zikiwa na rangi ya kahawia ndani, na ukikata shina, baada ya muda mfupi hutoka utomvu mzito wa manjano hafifu. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kwa kuwa wadudu huingiza bakteria kupitia makovu ya maua, na kisu huhamisha bakteria hao kutoka mgomba hadi mgomba. Shina lililougua likatwe mapema usawa wa ardhi, na panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Vibarua wanaotoka shamba la jirani nao wasiingie na mapanga yao kabla hayajasafishwa, hata kama mnaheshimiana sana.

Kwa fukusi, menya tunguu la chipukizi kabla ya kupanda na ukatae lenye matundu. Shambani, pasua vipande vya shina lililovunwa, vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, uvilaze kando ya migomba upande uliopasuliwa ukiwa chini. Fukusi huingia humo usiku, nawe utawakusanya asubuhi na kuwaua.